Siku Mafunjo Yalipotufungia

Lusahunga,
Jumanne, 16 Aprili 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa siku zote hizi ambazo sijakupigia. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza kuuma, na yule ng'ombe wa mabaka ameshazaa salama. Sisi huku hatujambo, ingawa hatujambo yenyewe ina maelezo marefu. Deodata mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, nakuomba usome neno kwa neno. Usiruke ukifika pabaya, nakujua.

Simu yangu imezama majini, ndiyo maana naandika. Na hata ningeazima ya mtu, wewe Mama ukipokea simu unaweka spika, na nusu ya kijiji cha Mabawe inasikiliza. Haya si ya kusikilizwa na nusu ya Mabawe.

Habari ya mjukuu wako ulishaipata, kwamba Yuster alijifungua kwao salama, mtoto wa kiume. Usichoambiwa ni kwamba wiki ya kwanza maziwa yalikuwa hayatoki vizuri. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Nesi wa zahanati alituambia asichoke kumnyonyesha, na mama mtu anywe sana na ale. Mama mkwe akasema anaongeza lake: mchuzi wa kambare mbichi, aliyetoka majini siku hiyohiyo. Na wa kumleta ni mkwe wake, kwa kuwa ni mvuvi.

Mvuvi mwenyewe ndiye mimi, Mama. Usishtuke kwanza, endelea kusikiliza.

Unanijua mimi ni mziba pancha. Lakini siku nilipokwenda kuposa, mzee Malongo, baba yake Yuster, aliniuliza kama najua maji, maana hao ni Wasukuma waliotoka kandokando ya ziwa kule Mwanza, na mwanaume asiyejua maji kwao ni nusu mtu. Nikamjibu kwamba jioni nikifunga kazi huwa navua pale Nyamatete, lile ziwa dogo lililojaa mafunjo nyuma ya kilima. Uongo mtupu! Nilimtaka Yuster. Tangu hapo, miaka miwili, nimekuwa nikinunua samaki kwenye magari yanayopita Lusahunga, napeleka ukweni kifua mbele, nasema nimewatoa Nyamatete. Mimi mwenyewe siwali, nasingizia tumbo. Nakumbuka nyumba yako, ambamo samaki hajawahi kuvuka kizingiti kwa heshima ya maziwa, maana sisi wafugaji tunaamini samaki huyaharibu.

Sasa ni masika. Maji yamejaa, samaki wametawanyika chini ya mafunjo, na wavuvi wa kweli wametundika nyavu wakaenda kupalilia. Sokoni hakuna kambare, magari hayana kambare. Siku tatu nilikwenda ukweni mikono mitupu na visingizio. Siku ya nne mama mkwe aliuambia ukuta, maana sisi hatusemeshani uso kwa uso, kwamba kesho anakwenda majini pamoja na mwenye ndoana, kwani mtoto hawezi kunyonya visingizio.

Nikaazima mtumbwi wa jirani yangu Tomasi. Aliniambia unavuja, nisisahau kopo la kuchotea maji. Nikalisahau. Chakula changu, maziwa, nilikibeba ndani ya kile chombo cha mti cha maziwa, kile cha bibi, ulichonipa siku ya harusi. Nilikibeba kwa kujivuna tu, ukweni waone na sisi tuna vyetu.

Mama, ungetuona ungecheka. Kwa desturi yao mkwe na mkwe hawatazamani wala hawali mbele ya mwenzake. Basi yeye alikaa mbele, amenipa mgongo, khanga imefunika kichwa chote, na mimi nyuma na pondo la kusukumia mtumbwi nisilojua hata kulishika. Nilimshukuru Mungu kwamba hanioni. Tukaingia kwenye kijia cha maji katikati ya mafunjo, nikatupa ndoana kama nilivyoona wengine wakitupa. Mara upepo ukavuma. Kumbe yale mafunjo hayana mizizi ardhini, yanaelea! Yalisogea taratibu, bonge zima kama uwanja wa mpira, yakaziba kijia tulichopitia. Nikasukuma kwa nguvu, pondo likazama kwenye tope na simu ikaruka kutoka mfuko wa shati. Vyote viwili sikuviona tena.

Tulikaa pale tangu saa tatu asubuhi. Kila upande ni ukuta wa kijani, juu jua, chini maji yanaingia. Kuogelea sijui. Niliyamwaga maziwa, nikaanza kuchota maji ya mtumbwini kwa chombo cha bibi, nikilia kimyakimya. Saa sita yeye alikuwa na viazi vyake kwenye kitambaa na hakuvila, kwa sababu mimi nipo. Nikafikiri, tutafia hapa, na mtoto kule analia, na wa kulaumiwa ni mimi na mdomo wangu.

Jua lilipoanza kushuka aliyauliza maji kama mwenye mtumbwi huu anakusudia tufe kwa adabu. Kisha, Mama, akageuka! Miaka miwili, ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake. Ana mwanya, kama Yuster. Nikashindwa. Nilimwambia yote, kwamba mimi si mvuvi, sijawahi kuvua hata dagaa. Akanijibu kwamba anajua tangu samaki wa kwanza. Nilimpelekea sangara nikaapa nimemtoa Nyamatete, wakati sangara ni wa ziwa kubwa, na hata mtoto wa kwao analijua hilo. Alisema hakunifichua kwa kuwa wapo wakwe wanaodanganya na njaa wanakuachia, na huyu wake anadanganya akiwa amebeba kitoweo.

Halafu akanimegea kiazi, tukala tukitazamana. Akachomoa panga alilokuja nalo chini ya khanga, akanipa, akapanda juu ya mafunjo yale yanayobonyea, akaniamuru nikate anapokanyaga. Tulipotoboa tundu la kwanza aliteremsha ndoana humo, akasema kambare wa masika anajificha kwenye kivuli. Hatukusubiri sana. Alitoka mmoja mrefu kama mkono wangu, akirusha mkia, nusura aniangushe majini. Tukaendelea kukata na kujivuta mpaka kijia kikafunguka, tukafika nchi kavu jua halijazama.

Sasa ndiyo nafika pabaya. Deodata, soma.

Kambare yule alipokuwa akirukaruka kutaka kurudi majini, sikuwa na kitu kingine, Mama. Nilimkandamiza kichwa chini ndani ya chombo cha bibi. Alifika ukweni humohumo. Yuster alikunywa mchuzi, na mimi nikala, mbele ya mama mkwe. Kesho yake maziwa yalitoka mpaka yakalowesha nguo. Nesi anasema ni kwa kuwa hakuacha kunyonyesha. Mimi sibishani na yeyote.

Chombo nimekiosha kwa majivu, nimekifukiza moshi, nimekianika. Bado kinanuka. Na ulinipa ili siku ya kumpa mjukuu jina uje umimine humo maziwa ya ng'ombe wako. Juzi nilikwenda sokoni Biharamulo, nikakiona kingine, pacha wake kabisa. Nilikishika. Nilikuwa nimeshatoa na pesa mfukoni. Nikakirudisha, kwa sababu nimechoka kununua vitu na kuvipa asili nyingine.

Basi chaguo ni lako. Kama maziwa yako hayawezi kuingia kwenye chombo hicho, wala nyumba iliyopikwa samaki, sitakasirika. Nitamleta mtoto nisimame naye nje ya boma lako, umwone kwa mbali. Lakini mpaka leo hana jina. Tunamwita Mtoto, na anaanza kuitikia.

Mama mkwe anakusalimu sana. Nilipomweleza kosa langu akasema nikuandikie kwamba ukija atakaa nje, akupe mgongo, mpaka wewe mwenyewe utakapomwambia ageuke.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na huyo ng'ombe wa mabaka.

Mwanao asiye mvuvi,
Anatoli