Kiti Kilichokataa Kurudi Nyuma

Mume wangu, Baba Rehema,

Nimetoka eda juzi, na mtu wa kwanza niliyetaka kuzungumza naye ni wewe. Unalikumbuka lile gari kubwa la kijani? Shamba la mkonge lilipotaifishwa meneja aliondoka akaacha gari hilo, likaja kuwa la kijiji chetu cha ujamaa hapa Sindeni, na wewe ukawa dereva na fundi wake.

Watu walilipendea kiti cha dereva. Unabonyeza kitufe, kinatembea chenyewe. Mwenyekiti ndiye aliyekihusudu kuliko wote. Asubuhi ile walipokuja wageni kutoka Handeni, akawaita waone. Akabonyeza, kiti kikaenda mbele mpaka mwisho. Akabonyeza kirudi, kimya. Akabonyeza tena. Wapi!

Ulikuwa bado unacheka alipotokea mume wa mdogo wako Mwanahawa, mbio, shati limelowa. Mwanahawa alikuwa ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na mkunga amesema apelekwe Korogwe. Mimba yake ya kwanza ilipotelea njiani, akiwa amebebwa kwa baiskeli. Niliuona uso wako ukibadilika.

Ulijaribu kuingia. Magoti yakagota kwenye usukani, mguu ukakosa hata nafasi ya kukanyaga breki. Ukatoka, ukanitazama mimi, mfupi niliyekufikia kwapani. Ulikuwa umenifundisha kuendesha jioni jioni kwenye njia za mkonge, tukifanya mchezo.

“Mama Rehema, wewe unaenea.”

“Sijawahi kufika barabara kuu.”

“Leo utafika. Niko pembeni yako.”

Nakumbuka vumbi, na vidole vya Mwanahawa vikining'ang'ania bega kutoka kiti cha nyuma. Kila kwenye shimo ulisema “taratibu, mke wangu,” kwa sauti ambayo hukuitumia kwa mtu mwingine. Tukafika. Wauguzi wakampokea, sisi tukaambiwa tusubiri nje.

Hukuweza kukaa. Ulizunguka gari, ukazunguka tena, mwisho ukasema, “Njoo tukitafutie ugonjwa hiki kiti.”

Ukaanza na fyuzi: nzima. Ukabandua kifuniko cha vitufe, ukachukua taa yako ya kupimia umeme, mimi nikawa nabonyeza. Waya wa kwenda mbele, taa ikawaka. Waya wa kurudi nyuma, ikawaka vilevile.

“Basi kitufe hakina kosa,” ulisema. “Umeme unatoka hapa, lakini haufiki kwenye mota. Unapotelea katikati.”

Mota ilikuwa chini ya kiti, na kiti kilivyojibana kule mbele mkono wako haukupita. Wangu ulipita. Nikalala kifudifudi kwenye zulia la nyuma, nikaufuata waya kwa vidole. Kila sauti ya uchungu ilipotoka wodini uligeuka kutazama mlango, kisha ukaniambia, “Endelea.” Kwa macho waya ule ulikuwa mzima kabisa. Lakini karibu na reli ya kiti nikapapasa mahali palipolegea, kama mfupa uliovunjika ndani ya ngozi isiyo na jeraha.

“Baba Rehema, hapa.”

“Reli imeubana. Uvute nje polepole.”

Ulipoumenya, shaba ndani ilikuwa imekatika. Ukaiunga, ukaizungushia tepu, ukaniambia nibonyeze. Kiti kikanguruma, kikarudi nyuma. Tulicheka kama watoto, halafu tukaona aibu kucheka mahali pale.

Ndipo muuguzi akatoka. “Ndugu wa Mwanahawa? Ni mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima.”

Ulichuchumaa kando ya gurudumu ukalia. Sikuwahi kukuona ukilia. Nikakuacha, nikashika tu kofia yako.

Siku ya kuwarudisha nyumbani nilikupa ufunguo. Wewe ukazunguka upande wa pili ukafungua mlango wa abiria.

“Kiti kinarudi sasa,” nikakukumbusha.

“Najua. Kisogeze mbele uendeshe.”

Toka hapo kijiji kikawa na madereva wawili. Gari lile lilikufa zamani, na sasa wewe nawe umetangulia. Jana Katibu alikuja. Kijiji kimepata pikapu, anataka niishike mimi. Kaka zako wakasema mjane apumzike. Mama yako akawajibu kutoka jikoni, “Apumzike ili iweje? Mwacheni aende.” Kesho naanza. Nakwenda Mashewa kuchukua mbegu.

Sitakudanganya, nyumba imekuwa kubwa mno. Miezi yote hii nimekuwa nikila kwa sababu watu wananitazama. Lakini leo asubuhi nimeamka na njaa, njaa yangu mwenyewe. Nikawasha moto, nikasonga ugali, nikala peke yangu mpaka sahani ikabaki tupu. Nikaona nikwambie.

Mungu akulaze pema, mpenzi wangu.

Mimi mkeo,
Mama Rehema