Gundi kwenye Vikombe vya Jubilei

Jumatatu, 6 Oktoba
Vikombe kumi na viwili leo. Vyote vya watu, vimeletwa nitoe gundi, hakuna nilichochapa mimi. Navipasha kwenye oveni ndogo, napaka mafuta ya alizeti palipo na gundi, nasubiri dakika kumi, nasugua na kipande cha fulana kuukuu. Namalizia na spiriti, kisha maji na sabuni. Gundi inatoka, picha inabaki. Kidole gumba kimechubuka tena.

Wanafunzi wawili wamepita. "Dada Gundi, vyetu tayari?" Nimewachekea. Wangejua jina hilo limetoka wapi wasingeliita kwa furaha hivyo.

Limetoka kwa Yulita. Msimu wa mahafali uliopita tulikuwa fremu moja ya biashara, hapa hapa Chimwaga. Ukichapa picha kwenye kikombe unakizungushia karatasi yenye wino, unaibana kwa tepu inayohimili moto, unaingiza kwenye mashine. Yeye alinunua selotepu ya kufungia maboksi. Gundi ikayeyuka, ikaacha mistari ya kahawia kwenye nyuso za wahitimu. Wenye vikombe walipokuja mimi nilikuwa msikitini. Nikarudi nikakuta ameshawaambia ni mimi niliyevifunga. Wiki iliyofuata akabeba mashine yake, akahamia ng'ambo ya barabara, na wateja nyuma yake.

Sijamsamehe. Sina mpango huo.

Jumanne, 7 Oktoba
Amekuja! Yulita mwenyewe, kasimama mlangoni, hata kizingiti hakuvuka. Tepu ya moto imeadimika mjini, katumia selotepu. Kosa lilelile. Ana vikombe arobaini vya sherehe ya Jumamosi, vyote vimeshika gundi. Vikombe vyeupe vya kurudia hapati. Anauliza inatolewaje.

Sikuuliza vya nani. Nikamwambia loweka kitambaa kwenye thina ya kuchanganyia rangi, sugua na stili waya, usiogope kukaza mkono.

Akasema asante. Asante! Thina inakula ile rangi ya juu inayoshika picha. Stili waya inamalizia. Jumamosi atasimama mbele ya watu na vikombe arobaini visivyo na sura. Nimesikia raha hadi kwenye vidole.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimelala kama mtoto. Nimechungulia ng'ambo mara nne. Mlango wake nusu wazi, yeye hatoki. Dawa inachemka.

Upepo mbaya, vumbi limeingia hadi kwenye mafuta. Nimefagia huku naimba.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mchana kaja mama yake Yulita kutoka Ihumwa. Kitenge kipya, mfuko wa karanga za kukaanga mkononi. Nikaruka kumpokea. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akakaa kwenye stuli yangu, akanipa kadi. Jubilei ya ndoa yake na mzee, miaka hamsini, Jumamosi.

"Mimi sijauliza mmegombania nini," akasema. "Ila usipokuja nitakufuata mpaka hapa, na mguu wangu huu mbovu."

Kisha, huku anamenya karanga, akanieleza habari za vikombe. Kila mgeni ataondoka na kimoja. Yulita ameitafuta picha ya siku waliyofunga ndoa, ile moja tu, mzee kavaa koti la kuazima, akaichapa. Hajamwonyesha bado. Mama anangoja kwa hamu kama bibi harusi.

Karanga zilizokuwa mkononi mwangu nikazirudisha kwenye mfuko.

Nilipotoka kijijini kwetu Busi kuja chuo sikuwa na pa kulala. Miaka miwili nilikaa kwa mama huyu bila kuambiwa umekula sana. Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini Ramadhani alikuwa anaamka kunipikia daku, anakaa pembeni mpaka nimalize, kisha anarudi kulala. Mlenda wake bado nauota. Na mimi juzi nimetoa maelekezo ya kumfuta uso.

Nimekasirika. Kwa nini iwe ni yeye? Kwa nini Yulita hakusema? Kwa nini mimi sikuuliza?

Alipoondoka nikabeba oveni, chupa ya mafuta na matambara, nikavuka barabara. Mara ya kwanza tangu ahame. Vikombe vilikuwa mezani, thelathini na tisa vikiwa na mistari ya gundi. Kimoja pembeni. Mzee yupo na koti lake, anatabasamu. Mahali pa mama ni peupe.

Yulita amejaribu kimoja tu. Ameacha hapo hapo, siku mbili hizi anakitazama.

"Ulijua," akasema.

Nikasema nilijua. Uongo wa nini tena.

Nilidhani atanirukia. Akasogeza kiti akanipa nafasi. Nikamwambia navitengeneza vyote, lakini Jumamosi achukue kipaza sauti aseme nani alinunua ile tepu ya mahafali. Bila hivyo narudi kwangu. Nilimaanisha. Hata kwa ajili ya mama nisingempa bure.

Akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Tumesugua tangu asubuhi, nikatoka tu kwenda kuswali. Hatujaongea zaidi ya nipe mafuta, hiki bado cha moto. Mkono wake mzito, anakwaruza kwa kucha, nimemkemea mara mbili. Thelathini na tisa vimetoka safi. Kile cha arobaini nimekitia kwenye mfuko wangu mama asije akakiona.

Kesho nitakaa mbele kabisa. Nataka kuuona uso wa Yulita akisema.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ihumwa. Turubai, pilau, kwaya, vigelegele. Mama alipopewa kikombe alikikumbatia kifuani, kisha akakisogeza mbali akakitazama, akamwonyesha mzee lile koti kwa kidole. Wakacheka wawili peke yao. Akanivuta mbele, akawaambia watu huyu ni binti yangu wa Busi.

MC akampa Yulita kipaza sauti. Akasema yote, bila kuzunguka. Tepu niliinunua mimi, lawama nikampa Mwajabu, nikaondoka na wateja wake, namwomba radhi mbele yenu. Sauti ilimkatika mara moja tu.

Watu wakapiga makofi machache ya adabu. Mjomba mmoja nyuma kauliza tepu gani. MC akatangaza chakula, wote wakainuka na sahani.

Hivyo tu. Mwaka mzima nimeisubiri dakika ile, imeliwa na pilau.

Na ya thina hakuisema. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, mama yake yuko pale, mimi niko pale. Angenimaliza. Alinitazama, akakirudisha kwa MC.

Mama alihesabu vikombe akauliza mbona thelathini na tisa. Yulita akajibu kimoja kilivunjika. Mimi nilikuwa natazama sahani yangu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Vikombe vitano. Upepo umetulia. Mwanafunzi kaja, "Dada Gundi, shikamoo." Jina halijaondoka, wala haliondoki.

Yulita kafungua mapema. Kanipungia mkono. Nimempungia. Bado simpendi.

Nimenywa chai kwenye kile kikombe cha arobaini. Mzee anatabasamu na koti lake la kuazima, pembeni yake hakuna mtu. Karibu na mkono wa kikombe kuna mstari wa gundi umebaki. Mafuta yapo, kitambaa kipo. Sijaugusa. Jumapili nikienda Ihumwa nitakibeba, nimwonyeshe mama, nimwambie aliyemfuta ni nani.