Lupe Hakulia Juu ya Jiwe

Leimatu'a, Vava'u
Jumanne, 14 Julai 2009

Mpendwa binti yangu Lesieli,

Salamu nyingi zikufikie huko Geelong, wewe, mumeo Hopoate, na wajukuu zangu Fipe na Manase. Hamjambo na baridi hiyo? Mmevaa nguo za kutosha? Mimi mzima, ila goti la kushoto linajua mvua kabla ya redio. Baba yako mzima, mama yako mzima, ingawa kila mmoja ananiambia mwenzake ndiye mgonjwa.

Ningekupigia simu, lakini nakujua. Kwenye simu utaniitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi," nami nitakata bila kulisema lililonifanya nipige. Barua huwezi kuikatiza. Nampa Kitione, kijana wa mchungaji, anapanda ndege Alhamisi.

Kurasa za kitabu cha watoto mnachokitengeneza ninyi kina mama wa kanisani zimefika. Michoro inapendeza, na mwandiko ni safi. Umeniomba kibali kabla hazijaenda kwa mpiga chapa mwisho wa mwezi, kwa kuwa hadithi ni za mama yangu, nyanya yako. Kibali sitoi, mwanangu. Usikasirike kabla hujafika chini ya karatasi hii.

Ijumaa nilizipeleka kurasa kwa wenzangu tulipokuwa tukigonga magome ya miti kutengeneza nguo. Nikawasomea ile ya Lupe. Visima vya kijiji vimekauka, maji matamu yamebaki chini ya bahari tu, nje ya mwamba, na yanalindwa na mkunga, samaki yule mrefu kama nyoka. Lupe, msichana wa kijiji hicho, amekaa juu ya jiwe, mikono mapajani, analia, mpaka mwana wa chifu anapiga mbizi, anamuua mkunga, na wawili hao wanaoana.

Bi Kalolaine, ambaye ana miaka themanini na aliisikia kwa mama yangu mwenyewe, aliacha nyundo yake hewani.

"Hebu ngoja. Nani kamkalisha mtoto jiweni?"

"Labda kachoka, bibi," akasema Vika, jirani yangu.

"Kachoka na nini? Hata kuloa hajaloa! Tazama nywele, utadhani anasubiri picha ya pasipoti. Watoto wa ng'ambo wametuharibia Lupe wetu."

Wakacheka mpaka gogo la kugongea likatikisika. Mimi sikucheka. Nikakuacha usingiziwe, nikaendelea kugonga, na kwa hilo nakuomba radhi. Wewe uliandika neno kwa neno nililokusimulia. Aliyemkalisha Lupe jiweni ni mimi.

Mama yangu hakusimulia hivyo. Kwake, Lupe alichukua vifuu vya nazi akapiga mbizi mwenyewe, mara tatu. Mara ya tatu mkunga alimshika mguu, naye akageuka akamng'ata masikio yote mawili. Hapo sisi watoto tulikuwa tukipiga kelele, "Mkunga hana masikio!" na mama anatujibu, "Mnadhani yalikwenda wapi?" Halafu mkondo ukamvuta Lupe mbali. Hakushindana nao. Alilala chali, akaimba, mpaka mkondo ukachoka, naye akarudi na maji.

Wewe ulisikia hivyo hivyo mpaka ulipofika miaka minane. Sijui unakumbuka nini cha siku ile, maana nyumbani hatukuizungumza. Ulibeba kifuu ukaogelea mpaka nje ya mwamba kutafuta maji matamu, na mkondo ukakuchukua. Wavuvi wa kijiji cha Holonga walikuokota alasiri, mzima, umepauka kwa chumvi.

Kesho yake baba yako alikuja uani kwangu na viazi vikuu, vile vikubwa kuliko vyote vya shamba lake. Akaviweka chini, akainamisha kichwa, akaondoka bila neno. Kaka hamkaripii dada yake, unajua desturi yetu. Nikaona vile viazi ndivyo karipio lenyewe. Nilivimenya huku nalia. Tangu siku hiyo nikamtoa Lupe majini, nikamweka jiweni, na wadogo zako hawakumjua mwingine.

Nilijiambia ni hadithi tu. Lakini nilikuwa na macho. Yule msichana aliyepanda mapaa akaanza kuomba ruhusa hata ya kuvuka uzio. Sasa una miaka thelathini na minne, kumi na mmoja kati yake umeishi kando ya bahari, na mwezi uliopita umeniandikia, tena kwa mzaha, kwamba wewe unalinda taulo wakati Hopoate anaogelea na Manase, na kwamba Fipe naye amekataa maji kwa sababu "mama haingii." Huo mzaha ulininyima usingizi, Lesieli. Nilikuharibu wewe, na sasa namharibu mtoto wako kwa mkono wako.

Basi Jumamosi nikaenda kwa baba yako kutubu. Yeye akakaa ndani, mimi barazani, mama yako mlangoni katikati yetu, kama ilivyo ada.

"Melaia," nikasema, "mwambie ndugu yangu naomba msamaha kwa ile hadithi iliyotaka kumuua mtoto wake."

Kisha nikasikia sauti yake.

"Melaia, muulize dada yangu, msamaha wa nini? Mtoto aliniambia mwenyewe alilala chali akaimba, kama Lupe. Ningemkaripia dada kwa kuniokolea binti? Vile viazi vilikuwa shukrani."

Mama yako alitutazama kwa zamu, mikono kiunoni.

"Miaka ishirini na sita! Nyie wawili na hiyo heshima yenu mtatuzika wote!"

Nilirudi nyumbani nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona. Hadithi ilikurudisha nyumbani hai, nami nikakunyang'anya.

Kwa hiyo sasa sikuombi, naagiza, kama dada wa baba yako. Siku ya harusi yako, kwa kuwa kwetu shangazi ndiye mwenye cheo, nilikalishwa juu ya mikeka yote, nikapewa kila kitu, nikakigawa. Haki yangu kwako sijawahi kuitumia kwa jambo la maana. Leo naitumia. Liondoe jiwe. Rudisha mbizi tatu, masikio na wimbo. Mchoraji akinung'unika, haraka haraka haina baraka, kitabu kingoje. Kina mama wakisema wasichana wataiga, wajibu kwamba ndiyo, wataiga, kwa hiyo wafundishwe kuogelea mapema. Na mwana wa chifu sina ugomvi naye, msimfukuze. Mpeni vifuu abebe.

Na joto likirudi huko, ingia majini. Mpaka kiunoni tu, siku ya kwanza, Fipe akiwa anakutazama. Ukitetemeka, tetemeka. Mimi pia nimetetemeka kuandika haya.

Nisalimie Hopoate, mwambie taulo sasa ni zamu yake. Msalimie dada Pisila na mjomba Mosese wakija kwenu Jumapili. Bi Kalolaine nimeshamwambia ukweli, akanipiga kidogo kwa mpini wa nyundo, kisha akakutumia salamu. Mungu awalinde nchi kavu na majini.

Jana nilimsimulia mjukuu wangu Seini hadithi yote, nikamweleza na ya msichana mmoja aliyeiamini akaenda nje ya mwamba. Aliacha hata kutafuna.

"Bibi, akapona?"

"Alipona," nikamwambia. "Yuko Geelong. Namwandikia barua aje atumalizie hadithi."

Ni mimi, shangazi yako akupendaye, anayengoja jibu lako,

Losaline