Msisimike Jiwe la Babu Dankani

Guangzhou, Novemba 1998

Kaka yangu mpendwa Eliufoo,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote, na kabla sijasema la kwangu nataka kujua ya kwenu. Mama anaendeleaje na presha? Dawa anakunywa, au bado anazificha chini ya mto na kudai zimeisha? Wifi amejifungua salama? Mimi mwili ni mzima. Baridi imeanza, nakula, nafanya kazi. Lakini nina hofu, kaka. Barua hii usimsomee mama. Isome peke yako kwanza.

Anakuletea Mama Glori, yule mfanyabiashara wa Himo tunayepanga naye chumba hapa Xiaobei. Ningeweza kupiga simu ya usharika, lakini karani wetu unamjua. Habari ingefika sokoni kabla haijafika jikoni kwa mama.

Jambo lenyewe ni lile jiwe. Mama aliniagiza nimnunulie huku jiwe la kaburi la baba yake, Babu Dankani, tulisimike Krismasi hii watoto wote tukiwa nyumbani, mchungaji aliombee. Alisema wenzake wote wameshawajengea wazee wao kwa saruji na vigae, baba yake tu ndiye amelala kama mtu asiyezaa. Nimempata mchonga mawe, mzee mpole mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Jina limeshachongwa, lile lile tulilojifunzia kusoma kwenye sanduku la bati la babu. Chini yake kuna Kuzaliwa, na chini tena kuna Kufa. Tarehe ndizo hatukuwa nazo, na mama alisisitiza nizitafute.

Ningezitafuta wapi? Basi kwenye masoko ya nguo ya Guangyuan Xilu nilikutana na Mskoti mmoja, Aleki, anayekuja kununua skafu za mirabamiraba. Anazipeleka kwao kuwauzia watalii kama vazi la mababu zake. Nilimcheka sana, naye akacheka, tukazoea kununua pamoja ili tupunguziwe bei. Siku moja nikamwambia kwamba babu yangu naye alikuwa Mskoti, fundi mitambo kwenye shamba la kahawa. Akaniangalia rangi, akaniangalia pua, akadhani namtania. Nikamtajia jina na kijiji kilichoandikwa kwenye sanduku. Hapo akaacha kucheka. Akasema dada yake, tangu astaafu, kazi yake ni hiyo tu, kufuatilia koo za watu kwenye vitabu vya makanisa na kwenye makaburi ya kale. Kumbe wazungu nao wanaitafuta mizimu yao, ila wao wanatumia kalamu na sisi tunatumia pombe ya mbege. Nikamwomba tarehe mbili tu, ya kuzaliwa na ya kufa.

Juzi Aleki alirudi. Alinikuta navutana bei ya suruali za jinzi na laoban mmoja, yaani tajiri wa duka, yeye akisema meiyou, hakuna, mimi nikisema ipo. Aleki akanishika kiwiko, akaniomba nikae juu ya robota. Akanieleza kwamba dada yake alianzia makaburini, kwa kuwa mimi nilisema babu amekufa. Alizunguka makaburi ya kijiji kile na ya vijiji jirani, akisafisha mawe kwa brashi asome majina, asimwone. Tarehe ya kuzaliwa aliipata kanisani. Ya kufa hakuipata, wala hakuna aliyeweza kumpa.

"Haipo," Aleki akaniambia. "Babu yako yu hai. Yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee."

Kaka, sikufurahi. Nasema kweli mbele ya Mungu. Yule laoban akaniletea maji ya moto akidhani nimeugua. Nilichokiona mbele yangu si babu. Nilikiona kile kihamba chetu, shamba la nyumbani, na ule mgomba.

Unakumbuka Bibi alivyosimulia. Babu aliondoka kwa likizo, mama akiwa bado anabebwa mgongoni. Barua hazikuja. Bibi akawa anakwenda ofisini shambani kuuliza, mpaka mnyapara akachoka naye, akamwambia yule mzungu amekufa huko kwao, arudi akalime. Bibi akanyoa nywele. Mwili haukuwepo, wazee wakazika mgomba mahali pake, kama desturi yetu kwa anayefia mbali. Na mgomba ule ukachipua. Wakasema ni uvivu wa vijana waliouzika pamoja na shina lake bila kulikata. Bibi hakuukata, wala hakuruhusu mtu ale ndizi zake. Wewe ulikula, ukachapwa hadi ukalala kifudifudi, nami nilikucheka. Leo sicheki.

Kila Desemba tumemchinjia mbuzi pale. Tumemwaga mbege. Mama amemwita baba yake kwa jina, asubuhi kanisani na jioni kaburini, Walutheri wa nusu siku sisi. Na Bibi huyo huyo ndiye aliyetuonya utotoni tusitaje jina la aliye hai kwenye kaburi, kwamba ni kumwonyesha njia. Tumekuwa tukimwonyesha njia mtu aliye hai, kaka, tena kwa mbuzi wa kunona. Nikilala naliona shimo la saruji tutakalochimba, na jina juu yake, na yeye huko anahema.

Nilimwambia Aleki yote hayo. Hakucheka. Akatoa kikaratasi mfukoni. Alisema babu haongei siku hizi, na hawatambui hata wanaomlisha. Lakini dada yake alipomwambia kuna mtu wa Kilimanjaro anamtafuta, mzee alisema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa mle ndani. Dada akamwomba arudie, akayaandika alivyoyasikia. Aleki akanisomea silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Manka ameshakula?"

Jina la mama sikuwa nimempa Aleki, kaka. Tangu Bibi afariki hakuna anayemwita mama Manka. Nililia juu ya lile robota, na watu wanapita.

Kwa nini hakurudi sijui, na sitaki kumtungia sababu. Pengine alikuwa na mke huko, pengine woga tu. Mimi nahofia ya mbele. Tukimwambia mama, nakumbuka alivyoanguka siku ya habari ya kifo cha baba yetu, mdomo ukapinda. Tusipomwambia, jiwe litasimama Krismasi, na mzee mwenyewe ni wa kuzimika wakati wowote. Akifa wiki ile ile, halafu mama aje kujua baadaye, atasema ni mkono wake uliomuua. Hata mimi nitasema hivyo moyoni.

Kwa hiyo nakuomba. Mwambie fundi asichimbe. Mbuzi afugwe tu. Kisha kata sale, lile jani la kuombea radhi, uende nalo jikoni kwa mama, maana mwenye sale mkononi hakataliwi, na unitakie radhi mimi niliyekwenda kufukua. Ahakikishwe amemeza dawa, wifi awe karibu. Usianze na kwamba yu hai. Anza na lile swali, ulivyolisoma hapa, na umwache alijibu mwenyewe. Mama ana akili, atauliza nani anauliza.

Dada yake Aleki ameahidi kumsogezea mzee simu siku ya Krismasi, baada ya ibada kwenu, apige pale usharikani. Siku hiyo karani na asikie tu.

Nisalimie wifi na mtoto mpya, shangazi wa Himo na miguu yake, na mjomba fundi saruji, umwombe asinikasirikie kwa kazi niliyomnyima. Mama mbusu shavuni bila kumwambia kwa nini.

Mchonga mawe tunakutana naye kila nikipita kwenda dukani. Ananyoosha kidole kwenye ile nafasi tupu na kuniuliza kama tarehe imepatikana. Leo tena ameniuliza. Nimemwambia bado, halafu nikatembea haraka, naogopa hata kugeuka.

Ni mimi mdogo wako mwenye hofu,
Aikande