Maji ya Lourdes Yenye Chumvi

Yaya Solange, dada yangu mkubwa,

Shuleni Bukavu tulifundishwa kuanza barua hivi: mimi ni mzima, hofu ni kwako. Safari hii tugeuze. Wewe umeshapita penye hofu. Hofu yote imebaki kwangu, na sehemu kubwa uliniachia wewe mwenyewe. Nakwambia mapema usije ukadhani ninakuandikia kwa machozi tu. Nimekukasirikia pia.

Niko jikoni kwangu, Koekelberg, huku ugenini. Mvua inanyesha ile ya hapa, isiyoamua kama inanyesha au la. Juu ya meza kuna chupa ya Maman. Jumamosi tunaondoa matanga yako. Ukumbi wa parokia umeshapatikana, vitenge vya sare vimeshashonwa, mimi nimekatiwa cha kijani ingawa kila mtu anajua kijani hakinipendi. Na kabla hatujavua nguo nyeusi, Maman anataka kila aliyekuja anywe kifuniko kimoja cha maji ya Lourdes, yale niliyoyaleta kutoka hija ya kukuombea kwenye pango la Bikira.

Yaya, maji haya hayajawahi kuiona Lourdes. Ni maji ya bahari. Watu sitini, kifuniko kimoja kimoja, na wa kwanza kunywa ni padri.

Uongo huu uliuanzisha wewe, usikatae. Tangu Papa azame katika ziwa Kivu, wakati tunakimbia vita ndani ya mtumbwi uliojaa kupita kiasi ukapinduka, Maman alikuwa na sheria moja tu nyumbani: "Batoto bangu habaingie mu maji." Hata tulipofika hapa, shule ilipotaka kutupeleka kuogelea, aliandika kwamba tuna ngozi inayowasha. Ndipo wewe, mwanamke mzima mwenye kazi na funguo zako, ukaenda kujiandikisha kupiga mbizi kwenye lile bwawa la ndani lenye kina kirefu, lenye kioo cha watazamaji kule chini, kisha ukanikokota na mimi. Kila Jumanne tulimwambia tunaenda mazoezi ya kwaya. Unakumbuka alivyotunusa misuko, inanuka dawa ya bwawa? "Chorale gani inanukaka javel?" Ukamjibu bila kupepesa macho kwamba baada ya kuimba tunapiga deki ukumbi. Maman akaenda kutusifu kwa padri. Padri, aliyejua hatumo kwenye kwaya, alitutazama akaitikia tu kwa kichwa. Mungu ambariki.

Ulipougua, ile safari ilikuwa tayari kwa majina yetu mawili: siku kumi juu ya meli ya wapiga mbizi, unakula humo, unalala humo, unazamia kisiwa hadi kisiwa huko mashariki ya mbali ya Indonesia, mahali pasipo hoteli wala barabara. Ulikuwa na picha yake ukutani, pale hospitalini Woluwe, na wauguzi walidhani ni kwenu ulikozaliwa. Siku ile ulinishika mkono ukasema, "Utaenda. Usiniletee mambo ya matanga." Lakini mfiwa hasafiri kwa raha kabla ya matanga kuondolewa, wewe ulijua hivyo kuliko mimi. Mama zetu wa parokia wangenitafuna mbichi. Ukafikiri kidogo. "Tutasema ni Lourdes," ukasema, ukacheka mpaka ukakohoa. Wiki mbili baadaye ukaondoka. Uongo wa watu wawili nikabaki nao peke yangu, na wewe unajua siku zote mwenye kipaji cha kudanganya ulikuwa wewe.

Kuna jambo hukulifikiria. Mtu akienda Lourdes hapa kwetu haendi peke yake. Anapewa karatasi. Kila mama wa parokia aliniletea nia yake, imeandikwa na kukunjwa, nikaiweke penye pango la Bikira. Karatasi kumi na tisa! Ningekataaje? Unamwambiaje Maman Béatrice, ambaye mtoto wake hajulikani aliko tangu vita vya Goma, kwamba hapana, begi langu limejaa? Ya Maman ilikuwa ya ishirini. Aliifunga kwa plasta ya vidonda, akanipa na chupa hii tupu, ameibandua karatasi ya kiwandani ili maji ya Bikira yasitangaze biashara ya mtu.

Watu huisifia meli ile kwamba ni uhuru. Mimi niliona gereza lenye chakula kizuri. Wageni kumi na mbili na mabaharia wao. Chumba changu kilikuwa chini, kidirisha cha duara, maji yanapita nje usawa wa uso wangu, na kitanda chako kitupu upande wa pili kwa sababu sikukubali wamlaze mtu mwingine. Mashine ya kujaza hewa mitungi inanguruma siku nzima. Kengele inalia: kuamka. Kengele: kukusanyika, kiongozi achore ramani ya matumbawe ubaoni. Kengele: kuvaa suti ya mpira ambayo bado mbichi tangu saa mbili zilizopita. Mara nne kwa siku. Mtandao wa simu uliisha siku ya kwanza. Nilipewa mwenzangu wa kuzamia, mzee wa mji wa Gent, daktari wa meno aliyestaafu, mpole sana, asiyeuliza kitu. Ningependa angeuliza.

Zile karatasi nilizifanyia kazi, usiniulize teolojia yake. Kila mara kabla ya kuruka majini nilishika moja, bila kuifungua, nikasema: Bikira, hapa si Lourdes na unajua, lakini huyu mama amekuandikia. Kisha nikaruka. Zaidi ya hapo sikuwa na la kuwapa.

Siku ya nne bahari ilichafuka na kile kidirisha kikavuja. Begi lililowa, karatasi zote zikalowa. Nikazitandaza juu ya kitanda chako zikauke. Ile plasta ya Maman ilikuwa imebanduka, na wino ulikuwa unaanza kutiririka. Nilijiambia ninaifungua ili maneno yasipotee. Ningeweza kufumba macho. Sikufumba.

Nakuandikia kama alivyoandika:

"Mama Maria, ile siku mu ziwa nilikuwa na mikono mbili tu. Kadogo ilikuwa ku mugongo. Mukono moja Solange, mukono moja bwana yangu. Kamba ya ile mutumbwi ingine ikafika. Nikaachilia mukono ya bwana yangu juu ya kukamata kamba. Alikuwa ananiangalia. Solange aliona. Sikuungama ata ku padri. Sasa Solange amekwenda na ile siri. Umutue ule muzigo."

Kadogo ni mimi, Yaya. Nilikuwa mgongoni, nimefungwa kwa kitenge, uso wangu umeangalia upande mwingine.

Maisha yangu yote niliambiwa wimbi lilimchukua. Kumbe ulikuwa na miaka tisa na uliona. Kumbe wewe na Maman mlikaa meza moja, mkala fufu moja, miaka yote hiyo, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua. Na mimi nilikuwa hapo katikati nalalamikia samaki kuwa na miiba.

Nikakumbuka bwawani. Mwalimu alisema tushikane mikono polepole, kwa vidole tu. Wewe ulinishika kifundo cha mkono mpaka kikabaki na alama. Nilikutania kwamba unanikamata kama polisi. Ukasema vidole vinateleza, kifundo hakitelezi. Nilidhani umesoma kitabuni.

Baada ya kuisoma nilitaka kutoka. Si kutoka chumbani, kutoka pale pote. Nilipanda kwa nahodha, nikamwomba anishushe kisiwa chochote. Alikuwa na adabu. Alinionyesha kwenye ramani: penye uwanja wa ndege ni mwendo wa siku mbili, na wengine kumi na moja hawakuja kwa ajili yangu. Nikarudi chini. Huko siwezi kumpigia Maman, na hata ningeweza, ningemwambia nini? Kwamba nimesoma barua aliyomwandikia Bikira, nikiwa mahali ambapo nilisema siko? Ili kumfungua yeye ilinibidi nijifunge mwenyewe. Nilikaa juu ya kitanda chako katikati ya nia za mama zetu, nikakutukana. Nisamehe. Au usinisamehe, tutakutana.

Kengele ikalia. Nikazamia, kwa sababu pale hakuna kingine cha kufanya.

Mita ishirini na tano chini. Mzee wa meno alikuwa akifurahia kasa. Mimi niligeuka chali nikatazama juu. Sijawahi kufanya hivyo bwawani, kule juu kuna taa na dari tu. Yaya, unaona kila kitu. Unaona jua limekunjuka juu ya maji. Unaona tumbo la boti, na miguu ya waliokuwa wakipanda ngazi, mmoja mmoja, inaingia juu na kupotea. Nilimjua kila mmoja kwa miguu yake. Nikataka kupanda upesi, lakini unajua sheria: mita tano kutoka juu unasimama, unaning'inia, dakika tatu, ili hewa iliyoingia damuni itoke, hata kama unalia ndani ya miwani. Huko juu kuna hewa bure na wewe huruhusiwi. Mzee yule aliona. Alinishika mkono, kwa vidole. Nikahamisha mkono wake mpaka kwenye kifundo.

Siku ya mwisho nilijaza chupa pale ngazini. Ungeniuliza kwa nini si ya bomba, ningekujibu kwamba nilitaka angalau yawe yametoka safarini. Nilidhani Maman atanyunyiza mlangoni tu, basi. Mimi mtoto wa parokia, niliyekunywa maji ya Lourdes kwa kifuniko tangu ubatizo, nilisahau kwamba huwa tunakunywa.

Tangu nirudi ni wiki sita za kusimulia pango ambalo sijaliona. Maman Béatrice alinishika mashavu akaniuliza kama niliisikia amani pale nilipoweka karatasi yake. Nikasema ndiyo. Yaya, nikasema ndiyo.

Naacha kwanza. Nimevaa koti. Nikikaa dakika moja zaidi sitakwenda.

Nimerudi. Viatu bado vimelowa, nakuandikia hivyo hivyo.

Tramu ilikwenda upesi mno. Kule Berchem lifti ya Maman ilisimama kidogo kati ya ghorofa ya nne na ya tano, kama kawaida yake, na mimi nimeikumbatia chupa, nikaona afadhali isiende tena. Ikaenda.

Maman alikuwa anapiga pasi kitenge chako, kile cha ndege wekundu. Sikukaa. Niliweka karatasi mezani, imefunguka, na plasta yake pembeni. Nikaweka chupa. Aliitazama karatasi bila kuigusa. Akazima pasi. Nilidhani atanipiga, na mkono wake unaujua. Badala yake alifungua chupa, akamimina kifuniko, akanywa, akakunja uso.

"Iko na chumvi."

Ndipo nikamwambia yote. Jumanne zetu, javel, meli, kitanda chako, kidirisha, wino. Nilimwambia uongo ulikuwa wa wote wawili, sikukutupia wewe peke yako, unione hapo nilivyokuwa dada mwema. Hakulia. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza swali moja, taratibu, huku amekishika kile kifuniko:

"Muntu akikuwa chini, anaonaka juu?"

Yaya, nilikuwa tayari kumdanganya kwa huruma, na sikuhitaji. Nikamwambia anaona, Maman. Kwenye maji meupe anaona jua. Anaona tumbo la mtumbwi. Anaona miguu ya wanaopanda, na anaijua ni ya nani.

Alikaa. Akanyoosha kitenge chako juu ya magoti, akakikunja, akakikunjua.

"Basi donc, papa yenu aliona munapanda."

Alijaza kifuniko tena, akaninywesha kwa mkono wake, kama alivyotunywesha dawa ya malaria, na nikameza chumvi yote.

Jumamosi hakuna atakayekunywa. Maman atayanyunyiza mlangoni, na sababu atawaambia mama zetu yeye mwenyewe. Zile nia kumi na tisa nitazipeleka Lourdes kweli, mwezi wa tano, pamoja na Maman Béatrice, na nitamwambia njiani ni kwa nini zimekunjamana. Atanitafuna. Sawa.

Lala sasa, Yaya. Mzigo umetuliwa, na aliyeutua ni Maman mwenyewe. Nimekuandikia kukuaga, na kukuahidi hili: Jumanne ninampeleka Maman kwenye bwawa letu. Haingii, amekataa katakata. Atakaa nyuma ya kile kioo cha chini, na koti lake na mkoba wake magotini. Nitazama mpaka mbele yake, nimtazame. Kisha nitapanda ngazi aione miguu yangu inatoka, nivae, nimfuate, tutembee mpaka kwenye tramu. Nitamshika kifundo cha mkono, Yaya. Si vidole.

Kadogo wako,
Clarisse