Farasi ya mukwe wangu

Siku ya posho, Jumamosi jioni, mbele ya kwenda kazi

Kesho treni inamubeba mukwe wangu, pamoja na binti yangu na batoto. Banamufukuza juu ya baba yake alitoka Kasai, jimbo ingine. Yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi! Bapumbavu.

Leo akaniletea ile farasi alikuwa anachunga, ya muzungu aliyekimbia. Kwetu mukwe haangaliani na mama mukwe usoni. Njo akanipa mugongo, akasemesha farasi: "Mama akitoka kufagia opitali asubui, akupande kwanza, njo alale. Usipokimbia, tumbo itafunga, itakuua."

Mi pia nikajibu farasi: "Umwambie, bibi muzima nikeshe na ndoo, kisha nipande juu yako na kikwembe kiunoni? Batu bacheke?"

"Bacheke," akaambia farasi. Akaninyooshea kamba bila kugeuka.

Nitapanda. Usingizi utangoja. Lakini roho inaniuma...

Bale bavijana ya kufukuza batu bakaingia kwake bila hodi, bakamuangalia uso muzima, bakamutukana. Mi mwenye kumuheshimu miaka yote, hata sura yake siijui vizuri.