Kiti cha Nyuma cha Mjerumani

Jumatatu, 1 Agosti 1977. Uyole.

Sijaamini bado! Leo lori limeshusha pikipiki mbili mbele ya ofisi yetu ya chanjo ya ng'ombe, na mkuu wetu, Bwana Eliezeri, akasema: Tadeo na Nyanda, zijaribuni hizi. Mtakayoisifu ndiyo mradi utakayoagiza kwa wachanjaji wote, Mbeya mpaka Iringa. Mimi! Mimi ninayeendesha kile kipikipiki kinachokohoa kila kikiona mlima.

Moja ya Kijerumani. Nyeusi, nzito, silinda zimechomoza huku na huku kama mtu aliyeshika kiuno. Nyingine ya Kijapani — ndefu, nyembamba, tairi za meno, ekzosi imepandishwa juu kukwepa maji. Silinda moja tu, lakini silinda! Nilipopiga kiki ikanirudishia mguu. Goti mpaka sasa halikunjiki.

Tumeshazipa majina: Mjerumani na Mjapani. Moyo wangu uko kwa Mjapani. Nyanda alizunguka zote mbili, akazipapasa kwa viganja kama yuko mnadani, akasema anamtaka Mjerumani. Nikamwambia, shemeji, hujaziwasha hata! Akacheka. Lakini nani wa kubishana naye? Kabla hajamwoa dada yangu Kalista ndiye aliyenifundisha mimi kuendesha. Sijaona mtu mwenye mkono kama wake.

Alhamisi, 4 Agosti

Makongolosi, kwenda na kurudi. Nimeoga mara mbili, vumbi bado linatoka masikioni.

Kupanda mlima wa Kawetire baridi ilikata vidole. Mjerumani alipanda kimya kimya kama gari la waziri. Mjapani anapiga kelele mpaka watu wanatoka majumbani. Lakini kwenye mchanga, kuipita Chunya — lo! Nasimama kwenye vikanyagio, naye anacheza chini yangu! Mjerumani alizama, akalala ubavu. Tulimwinua watu watatu: mimi, Nyanda na Silvester.

Silvester ni karani wa stoo. Sijui alifuata nini. Nyanda ndiye aliyemng'ang'ania apande nyuma yake. Sipendi kwenda na kiti kitupu, anasema. Na Silvester anavyojua kuongea! Njia nzima mdomo uko sikioni kwa Nyanda.

Wachimba dhahabu walituzunguka. Mmoja akauliza kama tumeleta dawa ya watu. Ya ng'ombe, tukasema. Akasema hata hiyo ataichukua.

Ijumaa, 5 Agosti

Tumebishana mbele ya Bwana Eliezeri. Mimi: njia zetu ni mchanga na mito, na Mjapani akianguka unamwinua peke yako. Nyanda: Mjerumani hana mnyororo wa kukatika, tangi lake kubwa, Makongolosi unakwenda na kurudi bila kuhangaika na petroli. Kisha akaongeza: "Na Mjapani ana kelele. Mtu husikii."

Husikii nini?

"Husikii chochote."

Nikacheka. Bwana Eliezeri akaamua: kesho mnabadilishana, kila mmoja peke yake, mnateremka Usangu. Nyanda akasema mgongo unamsumbua. Nyanda! Mgongo!

Jumamosi, 6 Agosti

Mwandiko huu sijui nitausoma mwenyewe.

Nyanda amemgonga ng'ombe.

Mchana mweupe! Kuipita Igurusi, njia imenyooka, hakuna kilima, hakuna kichaka. Ng'ombe wanavuka, kundi zima, na mwenyewe ameinua fimbo juu. Mimi niko nyuma, juu ya Mjerumani. Nangoja taa ya breki ya Nyanda. Nangoja. Haikuwaka! Aliingia kwenye ubavu wa dume kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Dume lilivunjika miguu, likachinjwa palepale. Nyanda alirushwa kwenye mabua ya mpunga. Bega limevimba, uso umechubuka, lakini yu mzima. Usukani wa Mjapani umepinda.

Mwenye ng'ombe anaitwa Budeba. Alimgombeza Nyanda kwa Kisukuma chao, kisha akanigeukia mimi.

"Mwenzako amelewa?"

"Hanywi, baba."

"Basi haoni."

 

Jumapili, 7 Agosti

Nimemwuliza. Amekubali!

Jicho la kushoto halina kitu tangu mwaka juzi. La kulia ni moshi. Mwanga anaona, umbo anaona likiwa karibu sana. Mwaka juzi! Na safari zote zile! Njia anazijua kwa makalio, anasema. Na akimpakia mtu muongeaji, basi amepona: mtu husema tu mwenyewe, ona lile lori, tazama wale watoto, daraja hilo. Anapata habari zote bila kuuliza. Kwa hiyo Makongolosi tulipelekwa na Silvester! Na Silvester mwenyewe hajui!

Ndiyo maana anamtaka Mjerumani. Injini ya kimya. Wa nyuma anasikika.

Nikasema twende kwa daktari. Hataki. Daktari ataandika, ofisi itasoma, na nyumba ni ya mradi. Kalista yuko karibu kujifungua, mtoto azaliwe wapi? Akanishika mikono yote miwili. "Shemeji, nakuomba. Kalista asijue."

Kanisani leo nilisimama watu walipokaa.

Jumanne, 9 Agosti

Nimeshindwa kuitunza siri. Nimekwenda kumwambia dada.

Alikuwa jikoni anamenya viazi. Nikamwambia, dada, kaa. Akasema, nimekaa, wewe huoni? Nikasema: Nyanda macho yamekwisha.

"Najua."

Hakuacha hata kumenya!

"Unafikiri tukienda mjini na pikipiki nani anaendesha? Yeye anashika gia, mimi nashika mabega. Nikigusa la kulia, kulia. La kushoto, kushoto. Nikimfinya kiuno, breki."

"Na tumbo hilo?"

"Tumbo liko katikati yetu. Limetulia."

Nikakalia gunia la viazi. Nikasema, mbona mumeo kaniapisha nisikwambie? Hapo ndipo kisu kiliposimama. Akatazama nje kidogo. "Hakutaka ujue kwamba na mimi nimo. Siku akikamatwa, akamatwe peke yake."

Dada yangu! Huyu aliyekuwa anaogopa hata kupanda baiskeli.

Alhamisi, 11 Agosti. Kihesa, Iringa.

Tumefika. Sijui tumefikaje.

Kesho wakubwa wa mradi wanazitazama pikipiki hapa Iringa. Bwana Eliezeri ametangulia na Landrova. Dada akatangaza ofisini kwamba anakwenda kujifungulia kwa mama, huku Kihesa, na kwamba basi linamtapisha. Akapanda nyuma ya mumewe, khanga juu ya khanga, na koti la mume juu yake. Mimi nyuma yao na Mjapani — fundi amenyoosha usukani lakini bado unavuta kushoto.

Macho yangu hayakutoka kwenye mikono ya dada. Bega la kulia. Bega la kushoto. Makambako ukungu mzito, malori ya Zambia yanatokea humo na trela zake, huyaoni mpaka yanakupuliza. Halafu — walilipita moja! Walilipita! Niliona dada amechungulia, akampiga begani mara mbili, Mjerumani akaondoka. Nilipiga kelele ndani ya skafu mpaka koo likauma.

Mafinga tukasimama kunywa chai. Nilishuka nimejiandaa kuwagombeza. Wanacheka! Dada midomo imepasuka kwa baridi, anamsimulia misitu tuliyoipita, moshi unavyotoka kwenye paa za watu, mbwa aliyetukimbiza. Naye anasikiliza kama mtu anayelishwa. Tangu harusi yao sijawaona hivyo. Chai ikanipoa mkononi.

Mama, alipoona tumbo linateremka kwenye pikipiki: "Yesu na Maria!" Akakaa chini kwenye vumbi. Hata salamu yetu ya Kihehe, kamwene, hakuitika.

Ijumaa, 12 Agosti

Wakubwa wamekuja, suti na tai. Wamezunguka, wamepiga tairi mateke. Mmoja akaniuliza: kijana, wewe ungechagua ipi?

Nilifungua mdomo kusema Mjapani. Likatoka: Mjerumani! Kwa sauti yangu mwenyewe! Nikaeleza tangi, nikaeleza kutokuwa na mnyororo, maneno yote ya Nyanda. Nyanda pembeni ameinamisha kichwa. Wakakubaliana hapo hapo. Moyo ukanitulia, nikajiona nimeokoa nyumba ya watu.

Ndipo Bwana Eliezeri, kwa furaha: kiti cha nyuma kitang'olewa. Kwenye zote. Mahali pake masanduku ya chuma, ya barafu na chanjo. Na hii hapa inaanza Jumatatu, inakwenda na Nyanda kwenye kituo kipya, Makongolosi. Peke yake. "Si ndiwe bingwa wetu?"

Nyanda akasema: "Asante, Bwana Mkubwa."

Asante!

Nilitaka kupiga kelele. Nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Jumamosi, 13 Agosti

Naandika nimesimama.

Nyanda amemtoa Mjerumani nje. Anarudi Uyole leo, anasema, na hataki mtu nyuma. Nikamwambia mbele ya dada kwamba nitamwambia Bwana Eliezeri kila kitu. Hakukasirika. "Mwambie, shemeji. Ila niache kwanza nijue kama naweza. Makongolosi hakutakuwa na mtu."

Dada alikwisha kujifunga khanga apande. Mama kamzuia mlangoni. Hajui chochote, analiona tumbo tu. "Mara moja imetosha! Unataka kuzalia barabarani?" Dada akanishika kiwiko, kucha zikaingia. "Basi panda wewe. Mwache Mjapani hapa. Umeniona nilivyofanya."

Nimepanda pikipiki miaka yote hii, nyuma sijawahi kukaa. Nimeingia ndani kuchukua koti.

Landrova imesimama! Bwana Eliezeri. Amekuja kutuaga, anacheka, amevaa kofia yake ya safari. Naona kila kitu kutoka dirishani. Nyanda ameinama kwenye injini. Bwana Eliezeri amemjia upande wa kushoto, anamwamkia, ananyoosha mkono. Nyanda ameinuka, anatabasamu, anaitikia salamu vizuri kabisa kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Bwana Mkubwa" — sauti ameitambua. Mkono hakuupokea.

Mkono uko hewani.

Bwana Eliezeri anautazama mkono wake mwenyewe. Anamtazama Nyanda usoni. Sasa hacheki tena. Anaupandisha mkono polepole, anaupitisha mbele ya lile jicho, hivi, tena hivi. Nyanda bado anatabasamu. Anangoja aambiwe neno.

Amegeuka. Anatazama nyumba. "Tadeo! Wewe Tadeo, njoo hapa nje!"

Dada amesimama kati yangu na mlango. Ananitazama, mikono yote miwili iko tumboni, na huko nje ananiita tena —